Faili Lililobadilisha Mwenyewe

Ofisi yenyewe iko Ngamiani, Tanga, katika zile barabara za namba. Kazi yake ni kununua singa za mkonge kwa wakulima wadogo wa upande wa Muheza na Korogwe, kuzipima, kuzipanga kwa madaraja na kuwalipa wenyewe. Hesabu zote zinakaa kwenye seva moja inayotumia mfumo wa Linux, katika saraka, yaani folda, iitwayo /srv/singa. Watu wa mizani wanaandika uzito, mhasibu anaandika bei, na programu ya malipo inazidisha.

Asubuhi moja mhasibu alifungua jedwali lake la bei akakuta haliandikiki. Programu ilimfungulia kwa kusoma tu. Jedwali hilo amelitengeneza yeye, na yeye peke yake ndiye aliyepewa ruhusa ya kuliandika. Wengine wote wanalisoma. Fundi wa ofisi alikuja, akaandika `ls -l`, amri inayoorodhesha mafaili pamoja na ruhusa na wenyewe wake, likatoka hili:

-rw-r--r-- 1 mafunzo singa bei.csv

Pale palipoandikwa mafunzo palitakiwa pawe hesabu, ambayo ndiyo akaunti ya mhasibu. Akaunti ya mafunzo ni ya kijana aliyekuja kwa mazoezi ya kazi. Saa ya mwisho ya faili kubadilishwa ilikuwa jana yake alasiri, wakati mhasibu hakuligusa kabisa siku hiyo.

Kwa mtu wa nje hili ni jambo dogo la kompyuta. Pale halikuwa dogo. Mkulima wa mkonge hulipwa kwa daraja la singa zake, na baada ya kukata, kupitisha kwenye korona, yaani mashine ya kutoa singa kwenye majani, kuanika na kusafirisha, kilichobaki mkononi mwake kinategemea namba zilizomo kwenye jedwali lile. Ikisemwa kwamba namba zimechezewa, nani atapeleka mzigo tena? Kabla ya adhuhuri ilishasemwa ofisi nzima kwamba kijana ameiba nywila ya mhasibu. Hakukuwa na maelezo mengine yaliyoingia akilini: faili lilikuwa limefungwa, mwenye ufunguo ni mmoja, basi ufunguo umeibwa.

Mchana fundi akaamua kuzuia madhara yasienee. Kwa akaunti ya ruti, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, aliandika `chmod -R 644 /srv/singa`, amri inayobadilisha ruhusa za saraka na za vyote vilivyomo. Nia yake ilikuwa kila faili liandikwe na mwenyewe tu na lisomwe na wengine. Tangu dakika ile hakuna mtu wa mizani aliyeweza kuingiza uzito, na malori yalikuwa njiani. Hapo ndipo nilipoitwa.

Kwa hiyo palikuwa na matatizo mawili, moja juu ya jingine, na yote mawili yanatoka katika kutojua jambo lilelile: ruhusa za saraka hazimaanishi kile ambacho ruhusa za faili zinamaanisha, ingawa zimeandikwa kwa herufi zilezile tatu, r, w na x, ambazo kwa faili ni kusoma, kuandika na kuendesha.

Nianze na la pili, kwa sababu ndilo lililokuwa limesimamisha kazi. Mtu wa mizani alipoandika `ls /srv/singa` aliyaona majina ya mafaili yote. Alipoandika `ls -l` aliyaona majina, lakini mbele ya kila jina palijaa alama za kuuliza badala ya ruhusa, mwenyewe, ukubwa na tarehe. Alipojaribu kufungua faili lolote alikataliwa. Yeye aliona seva imeharibika. Seva ilikuwa nzima na ilikuwa inatii ilichoambiwa.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwemo, saraka ni faili la aina yake. Ndani yake mna orodha: jina, na kando ya jina namba ya inodi. Inodi ndiyo inayobeba habari zote za faili, yaani mwenyewe ni nani, kikundi chake ni kipi, ruhusa zake, ukubwa, saa, na mahali data ilipolala kwenye diski. Kitu kimoja tu hakimo ndani ya inodi, nacho ni jina. Jina linakaa kwenye saraka.

Ukishalishika hilo, herufi tatu zinajieleza. Herufi r juu ya saraka ni ruhusa ya kusoma orodha ya majina, basi. Herufi x ni ruhusa ya kupita: kulichukua jina unalolijua na kulifuata mpaka kwenye inodi yake. Herufi w ni ruhusa ya kubadilisha orodha, yaani kuongeza jina, kulifuta, au kuliandika upya. Tena w bila x haina kazi, kwa sababu huwezi kubadilisha orodha ya mahali usipoweza kupita.

Namba 644 humpa mwenyewe r na w, kikundi r, na wengine r. Kwa faili la maandishi ni ruhusa nzuri kabisa. Kwa saraka ni kuondoa x kwa kila mtu. Ndiyo maana watu wa mizani waliyaona majina, kwa kuwa r ilibaki, lakini hawakuweza kuifikia inodi hata moja, na `ls -l` haikuwa na la kuandika isipokuwa alama za kuuliza. Fundi mwenyewe hakuiona shida kwa sababu alikuwa anaangalia kwa akaunti ya ruti, ambayo hupita kwenye saraka hata pasipo na x. Hili linawapata wengi: unapima mlango kwa mtu asiyezuiwa na mlango.

Kuna kinyume chake ambacho nacho ni halali na kina faida: saraka yenye x bila r. Hapo huwezi kuorodhesha kilichomo, lakini ukilijua jina kamili unalifungua. Na ili kufungua /srv/singa/bei.csv unahitaji x kwenye kila saraka ya njiani, kuanzia / yenyewe, halafu /srv, halafu /srv/singa, kisha r kwenye faili. Ikikosekana x katika hatua moja tu, ruhusa zote za mbele yake hazikusaidii. Amri ya `namei -l` ikifuatiwa na njia nzima ya faili huonyesha ruhusa za kila hatua kwa mstari wake. Naipenda amri hii kuliko nyingi, na nasikitika kwamba haifundishwi mapema.

Kurudisha x hakukutaka amri nyingi. Chmod ina X kubwa, ambayo huweka ruhusa ya kupita kwenye saraka, na kwenye faili huiweka tu kama tayari kuna mtu mwenye x juu yake. Niliandika `chmod -R u=rwX,g=rX,o= /srv/singa`, watu wakaweza kusoma tena. Kwa muda huo nikawaomba watu wa mizani waandike uzito kwenye karatasi, kwa sababu sikutaka mtu yeyote aandike humo kabla hatujajua la kwanza lilitokeaje.

Sasa la kwanza.

Niliuliza swali moja mbele ya meneja, mhasibu na fundi: mtu asiye na ruhusa ya kuandika ndani ya faili, anaweza kulifuta? Wote watatu walisema hapana. Nimewahi kuwasikia watu wenye miaka mingi mbele ya Linux wakijibu hivyohivyo. Jibu ni kwamba anaweza, ikiwa ana w na x kwenye saraka lilimo. Kufuta faili si kitendo cha kuandika ndani ya faili. Ni kuondoa mstari kwenye orodha ya saraka, na orodha hiyo ni mali ya saraka. Ruhusa za faili lenyewe haziulizwi kabisa. Hata ukilifanya faili liwe 444, lisiloandikwa na yeyote, amri ya `rm` itakuuliza kama una hakika, nawe ukijibu ndiyo linaondoka. Swali lile linaulizwa na `rm` kwa hisani. Kiini cha mfumo hakina kipingamizi.

Kabla fundi hajaigusa, /srv/singa ilikuwa ya ruti, kikundi chake singa, ruhusa 775, yaani mwenyewe na kikundi wana r, w na x, na wengine wana r na x. Kila mfanyakazi yumo kwenye kikundi cha singa, kijana wa mafunzo akiwemo. Kwa hiyo kila mfanyakazi alikuwa na uwezo wa kufuta, kubadilisha jina au kuweka faili jingine mahali pa faili lolote, jedwali la bei likiwemo. Ile rw-r--r-- ya mhasibu ililinda maandishi yaliyo ndani. Jina bei.csv halikuwa na mlinzi.

Kufikia hapo nilikuwa nimeonyesha kwamba inawezekana. Ilibaki kuonyesha kilichotokea. Jambo ambalo hakuna aliyelitazama ni mafaili mengine. Macho ya wote yalikuwa kwenye bei.csv, lakini `ls -l` ya saraka nzima ilionyesha kwamba mafaili yote yenye mwisho wa .csv, ya mizani na ya ghala, yalikuwa yamehamia kwa mafunzo, na yote ndani ya dakika moja. Mwizi wa bei hahitaji kugusa orodha ya magunia ya ghalani.

Kijana alikuwa amekaa nje kwenye benchi. "Shikamoo," akasema, na sauti haikutoka vizuri. Nikamwomba anionyeshe kazi aliyofanya jana alasiri. Aliagizwa na mtu wa ghala asahihishe jina la kituo kimoja cha mizani, ambalo mahali pengine lilikuwa limeandikwa Mheza badala ya Muheza. Alifanya kama alivyofundishwa chuoni:

sed -i 's/Mheza/Muheza/g' *.csv

Amri hiyo ilikuwepo kwenye kumbukumbu ya terminali yake, na saa ililingana.

Sed ni programu ya kubadilisha maneno ndani ya mafaili, na yenye -i huonekana kama inahariri faili palepale lilipo. Haifanyi hivyo. Inasoma faili la zamani, inaandika faili jipya la muda ndani ya saraka ileile, kisha inalibadilisha jina faili jipya ili lichukue jina la lile la zamani. Kusoma bei.csv aliruhusiwa, maana r ilikuwa ya kikundi. Kutengeneza faili jipya aliruhusiwa, kwa w ya saraka. Kubadilisha jina aliruhusiwa pia, kwa w hiyohiyo. Hakuna hatua hata moja iliyohitaji ruhusa ya kuandika ndani ya bei.csv ya mhasibu, kwa sababu hakuna aliyeandika ndani yake. Faili la mhasibu liliondolewa kwenye orodha, na jingine likasimama kwa jina lake.

Faili hilo jingine ni la aliyelitengeneza. Sed hujaribu kulirudisha kwa mwenyewe wa awali, lakini mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kumpa mtu mwingine umiliki, kwa hiyo jaribio linashindwa kimya. Kikundi na ruhusa inaweza kuvinakili, na ikavinakili. Ndiyo maana mstari ule ulifanana na wa zamani kila kitu isipokuwa jina la mwenyewe. Naye mhasibu, alipofika asubuhi, hakuwa tena mwenyewe. Mfumo ulimhesabu kama mwanakikundi wa singa, na kikundi kina r tu. Unix hupima daraja moja peke yake: kama wewe ndiye mwenyewe unapimwa kwa herufi za mwenyewe, usipokuwa mwenyewe lakini umo kwenye kikundi unapimwa kwa za kikundi, na la sivyo kwa za wengine. Hazijumlishwi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililomwondoa kijana kwenye lawama. Sed -i huandika upya kila faili ililopewa, hata lile ambalo halina neno linalotafutwa. Jedwali la bei lina madaraja na shilingi tu. Halina jina la kituo chochote. Nililinganisha bei.csv na nakala ya akiba ya usiku uliotangulia kwa amri ya `cmp`. Hakuna herufi moja iliyotofautiana. Faili lilibadilisha mwenyewe, likabadilisha inodi, likabadilisha saa, na ndani lilikuwa vilevile.

Meneja alitaka kuona kwa macho yake, na alikuwa na haki. Tukatengeneza saraka ya majaribio yenye ruhusa 775, mhasibu akaweka humo faili lake na kulifunga kwa 444, tukaandika pembeni namba ya inodi iliyotolewa na `ls -i`. Kijana akaendesha amri yake. Faili likawa lake, na namba ya inodi ikawa nyingine. Mhasibu aliangalia zile namba mbili, akamgeukia kijana akamwambia, "Pole, mwanangu." Nadhani kwa mtu aliyekuwa ameshaanza kuitwa mwizi, neno hilo lilikuwa na uzito kuliko maelezo yangu yote.

Mafaili niliyarudisha kwa wenyewe kwa `chown`, nikitazama nakala ya akiba iliyohifadhi majina ya umiliki. Kisha tukaipanga saraka upya. Hapa palikuwa na mabishano, nami nitaeleza kwa nini tulichagua tulichochagua.

Fundi alipendekeza `chattr +i`, alama inayolizuia faili lisiguswe na yeyote, hata na ruti mpaka aiondoe kwanza. Inafanya kazi. Lakini mhasibu hubadilisha bei mara kwa mara, na kuweka au kuondoa alama hiyo kunahitaji mamlaka ya ruti. Tungekuwa tumempa fundi ufunguo wa bei, na hiyo si kazi yake.

Bei ikapewa saraka yake, /srv/singa/bei, mwenyewe hesabu, kikundi singa, ruhusa 750. Kikundi kinaingia na kusoma. Orodha anaibadilisha mhasibu peke yake. Hii ndiyo dawa hasa ya kisa hiki, na ni nyepesi kuliko zote: kitu cha mtu mmoja kisikae kwenye saraka ya watu wote.

Saraka ya mizani ni tofauti, kwa sababu watu kadhaa lazima waweke mafaili humo. Hiyo ilipewa ruhusa 3770. Ile 3 ya mbele ni mbili na moja. Mbili huweka s kwenye sehemu ya kikundi, ili kila faili jipya lichukue kikundi cha saraka, yaani singa. Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, humpa kila mtumiaji kikundi chake binafsi, na bila s hiyo faili la mtu wa mizani lingekuwa la kikundi chake mwenyewe, mhasibu asiweze kulisoma. Lakini s inafanya kazi kwa faili linalozaliwa humo. Ukilileta faili kwa `mv` kutoka saraka nyingine ya diski hiyohiyo, linakuja na kikundi chake cha zamani. Ukilileta kwa `cp`, linazaliwa upya na kufuata. Tuliwaambia watumie `cp`.

Moja iliyobaki ni t, alama inayobadilisha sheria ya w: kwenye saraka yenye t, kila aliye na w anaweza kuongeza jina, lakini kufuta au kubadilisha jina kunabaki kwa mwenye faili, mwenye saraka, au ruti. Alama hii ina historia ndefu. Iliingia Unix mwaka 1974 ikiwa na kazi nyingine kabisa, ya kuibakisha programu kwenye eneo la akiba la diski baada ya kumalizika ili ianze haraka ikiitwa tena. Maana yake ya leo juu ya saraka ilikuja na 4.3BSD, toleo la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Saraka ya /tmp ya karibu kila mashine ya Linux inayo. Itazame kwa `ls -ld /tmp` utaona t mwishoni. Bila hiyo, kila mtumiaji wa mashine angeweza kufuta mafaili ya muda ya mwenzake.

Umask, yaani namba ya ruhusa zinazoondolewa faili linapozaliwa, tuliiweka 027, ili faili jipya lizaliwe 640: mwenyewe anaandika, kikundi kinasoma, wengine hawana lao.

Palikuwa na pengo moja ambalo ni rahisi kulisahau. Ukiifunga /srv/singa/bei lakini ukaiacha /srv/singa na w kwa kikundi, mtu hataweza kubadilisha kilichomo ndani ya bei, lakini ataweza kuibadilisha jina saraka nzima ya bei na kutengeneza yake kwa jina hilohilo. Jina la saraka nalo ni mstari tu kwenye orodha ya saraka iliyo juu yake. Kwa hiyo /srv/singa yenyewe ikawa ya ruti, 750, na kikundi hakina w hapo.

Tukamwita kijana, tukamwambia ajaribu kuvunja. Alijaribu sed, ikakataliwa kwenye bei ilipotaka kutengeneza faili la muda. Kwenye mizani ilitengeneza faili la muda, ikakataliwa ilipotaka kuchukua jina la faili la mwenzake. Akajaribu `rm`, akajaribu kubadilisha jina la saraka ya bei, yote yakakataliwa. Kisha akanakili bei.csv kwenye saraka yake ya nyumbani na kuandika humo anachotaka. Hilo lilipita, na hakuna ruhusa ya saraka itakayolizuia, kwa kuwa aliye na r anaweza kuwa na nakala. Programu ya malipo ilikuwa inachukua bei.csv kutoka saraka yoyote mtu aliyokuwemo alipoiendesha. Tukaibadilisha isome /srv/singa/bei/bei.csv kwa njia kamili, na igome kulipa kama mwenyewe wa faili si hesabu. Jioni watu wa mizani wakaanza kuingiza uzito uliokuwa kwenye karatasi.